Hakikisha Kwanza! Mashauri kwa Mwanafunzi wa Kazi ya Informatiki na kwa Jamaa Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya jiwe linaloanguka, juu ya mkanda unaovuta mkono wa mtu, juu ya vumbi linaloharibu mapafu. Leo tutasema juu ya kazi ambayo wengi wanafikiri haina hatari hata kidogo: kazi ya kijana anayejifunza kutunza kompyuta katika kampani kubwa. Watu wanamwita stajeri wa informatiki. Wanamwona anapita na begi lake, mavazi yake safi, hana jasho, na wanasema: «Yule amepata kazi ya kivuli.»

Ni kweli, anafanya kazi kivulini. Lakini kivuli nacho kina hatari zake. Kijana huyu anafungua masanduku yenye umeme wa volti 220. Anabeba betri nzito. Tena, na hili ndilo watu hawalioni, anashika funguo za milango mingi: mlango wa mishahara, mlango wa habari za wagonjwa, mlango wa ghala. Kosa lake moja linaweza kumwumiza yeye mwenyewe. Kosa lingine linaweza kuzuia kazi ya maelfu ya watu.

Kama wewe ni mwanafunzi huyo, soma mpaka mwisho. Kama wewe ni baba ao mama yake, soma vilevile, kwani sehemu ya mwisho ni yako.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Katika kampani kubwa kuna ofisi moja ambako watu wote wanapiga simu wakati kompyuta inawasumbua. «Mashini yangu haiwaki.» «Printa inakula karatasi.» «Nimesahau neno langu la siri.» Mwanafunzi ndiye anayeitika mara nyingi. Anaandika jina la mtu, fasi anapofanyia kazi na shida yake. Shida hiyo inapata namba. Akiweza, anaimaliza mwenyewe. Asipoweza, anaipeleka kwa fundi, na fundi akishindwa anaipeleka kwa enjinia. Ni ngazi ya vipandio vitatu, na mwanafunzi anasimama kwenye kipandio cha kwanza.

Usidharau kipandio hicho. Kompyuta haziko ofisini tu. Ziko hospitalini, ziko ghalani, ziko kwenye mzani wa malori, ziko kwenye mlango ambako mfanyakazi anaonyesha kadi yake. Nyingine ziko katika chumba cha kuongozea kinu na pampu. Hizi za mwisho si kama zile za ofisi. Kompyuta ya ofisi ukiizima na kuiwasha tena, karani anangoja dakika tano. Kompyuta inayoongoza pampu ukiizima bila ruhusa, unaweza kusimamisha kazi nzima na kuweka watu katika hatari. Kwa hiyo: mashini ya chumba cha kuongozea haiguswi na mwanafunzi, hata kama inafanana na ile ya ofisini, mpaka mkuu wa chumba hicho na shefu wako wote wawili wamekubali.

SHERIA MOJA YA CHINI NA YA JUU

Wazee wanaofanya kazi chini ya udongo wana desturi moja. Kabla ya kuingia fasi iliyopasuliwa kwa baruti, wanachukua chuma kirefu na kugonga mwamba wa juu. Mwamba mzima unalia kama kengele. Mwamba uliolegea unatoa sauti ya ngoma tupu. Hakuna mchimbaji wa kweli anayesema: «Jana ulikuwa mzuri, leo sigongi.» Anagonga kila siku.

Vilevile fundi wa mkanda hatii mkono ndani ya mashini kwa sababu tu mtu amemwambia kwamba umeme umekatwa. Anaweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, ufunguo anautia mfukoni mwake, kisha anajaribu kuiwasha mashini ili kuona kama kweli imekufa.

Sheria hiyo ndiyo sheria ya mwanafunzi wa informatiki: HAKIKISHA KWANZA, GUSA BAADAYE. Hakikisha umeme. Hakikisha mtu. Hakikisha barua. Tutayaona mambo hayo matatu moja kwa moja.

HAKIKISHA UMEME

Volti 220 zinatosha kuua. Hata umeme kidogo sana ukipita katika kifua unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Swichi za usalama zinazolinda watu zinatengenezwa ili zikate umeme unapovuja kwa kipimo cha miliampea 30. Taa ya zamani ya wati 60 inakula miliampea 270 hivi. Basi, umeme unaowasha taa moja tu unapita mara tisa kipimo hicho.

Kabla ya kufungua kompyuta, izime, kisha chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kidole hakutoshi. Sanduku dogo la ndani linaloleta umeme, lile lenye feni na maandishi ya hatari, usilifungue kamwe. Ndani yake mna vyombo vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Likiharibika, ondoa lote na uweke jipya.

Jihadhari zaidi na ondulera, lile sanduku la betri linaloshika kompyuta wakati umeme unapokatika. Watu wengi wamedanganywa nalo. Umeme wa mji umekatika, nyumba yote ina giza, mtu anafikiri hakuna hatari. Lakini ondulera inaendelea kutoa volti 220 kutoka betri zake! Hata ukiichomoa ukutani, bado inatoa. Soma kitabu chake, izime kwa utaratibu, ngoja, kisha pima kwa chombo cha kupimia.

Betri za ondulera nyingi ni za risasi na asidi. Ni nzito kuliko zinavyoonekana. Inama kwa magoti, shika karibu na tumbo, inuka kwa nguvu ya miguu, wala si ya mgongo. Ile kubwa bebeni watu wawili. Vua pete na saa ya chuma, kwani chuma kikigusa ncha mbili za betri kinawaka moto na kuchoma kidole mpaka mfupani. Chumba cha betri kiwe na hewa, na mtu asivute tumbako humo, kwa sababu betri ikijazwa umeme inaweza kutoa gesi inayolipuka.

Betri za kompyuta za kubeba na za simu ni za namna nyingine. Ninyi wa Katanga mnazijua kuliko wengine, kwani kobalti inayotoka katika udongo wetu imo ndani ya nyingi kati yao. Betri hiyo ikivimba kama mkate, usiitoboe, usiikandamize, usiijaze umeme tena. Ipeleke kwa shefu, iwekwe peke yake mbali na karatasi na mbao. Ikiwaka inatoa moshi wenye sumu.

Printa nayo ina hatari mbili. Ya kwanza ni joto: ndani ya ile inayochapa kwa unga mna chuma kinachopata joto la karibu digrii 200. Izime na uiache ipoe kabla ya kutoa karatasi iliyokwama. Ya pili ni ule unga mweusi. Usiupulize kwa mdomo. Upanguse kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha nawa mikono.

Vumbi linalojaa ndani ya kompyuta za karibu na kinu si vumbi la barabarani tu. Linaweza kuwa na silika, ileile inayoleta ugonjwa wa mapafu kwa wachimbaji. Peleka mashini nje, vaa kizuizi cha pua na mdomo kinachofaa, simama upande upepo unakotoka.

Tena kuna nyuzi za kioo zinazopeleka habari kwa mwanga. Usitazame ncha yake hata mara moja: mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kuharibu jicho. Vipande vyake vidogo vinaingia katika ngozi kama miiba. Vitie katika kopo lenye kifuniko, na usile chakula kwenye meza hiyo.

Moto ukishika mashini yenye umeme, usimwage maji. Kata umeme kama unaweza bila hatari, tumia kizimamoto cha gesi ya kaboni, uite msaada. Katika vyumba vingine vya sava kuna gesi inayojaza chumba chote ili kuzima moto. Ukisikia kengele yake, toka mbio. Kompyuta ya kampani itanunuliwa nyingine, lakini mtoto wa watu hanunuliwi.

Na ukimwona mwenzako ameshikwa na umeme, usimguse! Kata umeme kwanza. Kisha ita waganga, na kama hapumui, anza kumsaidia moyo na pumzi kama ulivyofundishwa. Kama hujafundishwa, omba ufundishwe juma hili.

HAKIKISHA MTU

Tuseme ni saa sita na nusu za mchana. Wakubwa wamekwenda kula. Wewe umebaki peke yako na simu. Inalia.

«Mdogo wangu, mimi shefu wa mishahara. Neno langu la siri limekataa. Wafanyakazi wote wanangoja pesa. Nipe jipya sasa hivi!»

Sauti ni ya mtu mzima. Ana hasira. Anajua jina la mkubwa wako. Utafanya nini? Desturi yetu inatufundisha kuheshimu mkubwa, nawe ni mtoto tu katika kampani. Mwivi anajua hivyo. Ndiyo sababu hapigi simu kwa enjinia, anapiga kwako.

Jibu ni hili, kwa upole na bila kutetemeka: «Ndiyo, papa, nimesikia. Sheria ya kazi inaniambia nikupigie mimi mwenyewe kwenye namba ya ofisi yako. Weka simu chini, ninakupigia sasa.» Kisha unatafuta namba katika kitabu cha kampani, si ile anayokupa yeye. Kama ni shefu wa kweli, atakushukuru, hata kama amenuna kidogo. Kama ni mwivi, simu ya ofisi itaitikiwa na shefu wa kweli, naye hajui lolote.

Si hadithi za kutisha watoto. Katika mwezi wa Aprili 2025, wevi wa kompyuta waliingia katika kampani kubwa ya maduka ya Uingereza, Marks & Spencer. Mwezi wa Julai mkuu wa baraza la kampani hiyo alieleza mbele ya wabunge kwamba wevi waliingia kwa kujifanya mtu mwingine. Hawakuvunja ukuta, waliongea tu. Kwa zaidi ya majuma sita watu hawakuweza kuagiza nguo kwa njia ya intaneti, na kampani yenyewe ilikadiria kwamba faida yake itapungua kwa karibu paundi milioni 300. Mwezi wa Mei mwaka uleule, ofisi ya serkali ya Uingereza inayolinda mambo ya kompyuta iliomba kampani zote ziangalie upya namna watu wa msaada wanavyobadilisha maneno ya siri. Watu wa msaada ni nani? Ni wewe na wenzako.

Shefu naye asome neno hili: mwanafunzi akikuambia «ninakupigia», usimkaripie. Ukimkaripia leo kwa kufuata sheria, kesho atamfungulia mwivi kwa kuogopa hasira.

HAKIKISHA BARUA

Jambo la tatu ni barua za kompyuta. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 2019, wafanyakazi wa Norsk Hydro walianza kuona kompyuta zao zimefungwa. Hii ni kampani ya aluminiamu ya Norvezi, yenye wafanyakazi 35.000 katika inchi 40. Asubuhi kwenye milango ya kazi palibandikwa karatasi: msiwashe kompyuta, msiunge kitu kwenye waya. Wevi walidai pesa ili wafungue. Viwanda vingine vilisimama. Vingine viliendelea kwa mikono, kwa kalamu na karatasi, kama zamani.

Mlango wa wevi ulikuwa wapi? Katika barua moja. Ilionekana imetoka kwa mteja anayejulikana, ikafunguliwa miezi kadhaa mbele. Barua moja tu! Kampani haikulipa wevi. Ilirudisha mambo yake kutoka nakala zilizokuwa zimewekwa pembeni, lakini hasara ilifika makumi ya mamilioni ya dola.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, barua inayokuja na haraka, «fungua sasa, lipa leo, akaunti yako itafungwa», ni kama mwamba unaotoa sauti ya ngoma tupu. Usiifunguе, mwulize mwenye barua kwa njia nyingine. Pili, kazi ya kuweka nakala, ile ambayo stajeri anaiona ni kazi ya kuchosha, ndiyo iliyookoa viwanda. Ukitumwa kuangalia kama nakala za usiku zimeandikwa vizuri, angalia kweli, wala usitie alama ya «ndiyo» kabla hujaona.

MACHO, SHINGO NA MGONGO

Hatari nyingine hazipigi kwa ghafula. Zinakuja polepole kama kutu. Anayekaa mbele ya kioo saa nane kila siku anapata macho makavu, kichwa kinauma, shingo inakauka.

Weka kioo mbali na uso kwa urefu wa mkono. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho ao chini kidogo. Usikae dirisha likiwa nyuma yako, kwani mwanga unarudi kutoka kioo na kukuchoma macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20. Pepesa macho. Inuka, tembea, unywe maji. Miguu ikanyage chini, mgongo uegemee kiti. Usitambae chini ya meza bila kutazama juu: vichwa vingi vimepasuliwa na meza kuliko unavyofikiri! Na ukipanda ngazi kufunga waya, mwenzako aishike.

WEWE BABA, WEWE MAMA

Sasa neno kwa jamaa. Mtoto wenu amepata kazi ya kushika funguo za watu wote. Wanaweza kumharibu si wevi wa mbali tu, bali pia watu wanaompenda.

Mjomba anakuja jioni. «Mwana, wewe unaingia katika mashini za mishahara. Nitazamie fulani anapata kiasi gani.» Shangazi anasema: «Jirani yetu alipimwa hospitalini, tuangalizie ugonjwa wake.» Kijana akikataa, wanasema amekuwa na kiburi, amesahau waliomlipia masomo.

Wazazi, msimtie katika mtego huo. Anachokiona kazini si mali yake. Ni siri ya watu, kama vile mganga anavyoshika siri ya mgonjwa. Katika inchi yetu, sheria ya mambo ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu na kuadhibu wanaoingia katika kompyuta pasipo ruhusa. Basi, ombi dogo la mjomba linaweza kumpotezea kijana kazi yake na kumpeleka mbele ya hakimu. Mjomba hatakuwako siku hiyo.

Akileta kompyuta ya kazi nyumbani, watoto wasiichezee. Neno lake la siri asiulizwe hata na mke wake ao mume wake. Na majirani wakimletea simu za kutengeneza, afanye kazi mezani penye mwanga, mbali na godoro na watoto, na betri iliyovimba isiingie ndani ya nyumba.

Mama, ukimwona mwanao ao binti yako anarudi kila jioni macho mekundu, kichwa kinamwuma, usimwambie ni uvivu wa kazi ya kivuli. Mwambie aende kupimwa macho.

YASHIKE HAYA

1. Zima, chomoa, pima, ndipo ufungue.
2. Ondulera inatoa umeme hata katika giza.
3. Mashini ya chumba cha kuongozea haiguswi bila ruhusa mbili.
4. Hakuna neno jipya la siri kwa simu, mpaka umempigia mtu kwenye namba ya kitabu cha kampani.
5. Barua yenye haraka, isome kwa pole.
6. Nakala isiyojaribiwa si nakala.
7. Siri ya kazi hailali nyumbani.
8. Usipojua, uliza. Mwanafunzi anayeuliza hachekwi.

Ndugu mwanafunzi, utakapokuwa fundi, nawe utapewa kijana wa kufundisha. Siku yake ya kwanza, kabla ya kumpa bisibisi, mfundishe maneno haya mawili: HAKIKISHA KWANZA.